Wiki moja katika nyumba ya shamba, bonde la Dordogne, Ufaransa: uzoefu wangu

Alama yangu ni 8 kati ya 10. Mbili nilizokata zinahusu mahali nyumba ilipo. Nyumba yenyewe haina kosa kubwa, na bonde kama bonde ningelipa alama 10 bila kusita.

Tulichokodi ni gîte: nyumba nzima ya mawe shambani, watu 6, inapangishwa kwa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi. Unaingia kuanzia saa 10 jioni, unatoka kabla ya saa 4 asubuhi. Hakuna mapokezi, hakuna mpishi, hakuna wa kutandika kitanda. Anayetaka hoteli asichukue gîte, maana atalalamika wiki nzima kwa kitu ambacho hakuahidiwa.

Kwanza mahali, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Mto Dordogne una urefu wa kilomita zipatazo 483, kutoka milima ya Puy de Sancy hadi unapokutana na Garonne karibu na Bordeaux. Ukisoma tangazo linasema "bonde la Dordogne", bado hujaambiwa kitu. Kipande chenye ngome, majabali na vijiji vinavyoonekana kwenye picha ni kile cha Vitrac, Domme, La Roque-Gageac, Castelnaud na Beynac, kusini kidogo ya mji wa Sarlat. Kwa mto ni kama kilomita 15. Tafuta nyumba hapo au pembeni yake, kisha ndipo uulize habari za bwawa la kuogelea.

Tena uliza nyumba iko ng'ambo ipi. Tangazo letu lilisema "dakika 5 kutoka mtoni", na mto kweli tuliuona. Lakini madaraja ni machache: Vitrac, Cénac chini ya Domme, na Castelnaud. Beynac haina daraja lake. Ukiwa ng'ambo ya kusini unaitazama ngome ya Beynac mbele yako, na kuifikia ni lazima uzunguke hadi Castelnaud. Mwezi Agosti barabara ile nyembamba chini ya jabali hujaa magari, na mzunguko mfupi unakula nusu saa. Weka anwani kamili kwenye ramani, pima kwa barabara, usipime kwa macho.

Kufika: treni ya kasi kutoka Paris Montparnasse hadi Bordeaux huchukua saa 2 na dakika chache, halafu treni ya mkoa hadi Sarlat karibu saa 2 na nusu hadi 3. Sarlat ndiyo mwisho wa reli. Bila gari, kuanzia hapo umekwama, kwani mabasi ya vijijini hayakidhi haja ya mgeni. Ni rahisi zaidi kuchukua gari Bordeaux. Mambo matatu kuhusu gari: magari mengi ni ya gia za mkono, kwa hiyo otomatiki iombwe mapema, kampuni huzuia amana kwenye kadi ya mkopo, na kadi ya kawaida ya benki mara nyingi hukataliwa dirishani, na wanaotoka Tanzania, Kenya au Uingereza wakumbuke wanahamia upande wa kulia. Hatari yenyewe haiko barabara kuu. Iko vijijini, kwenye ile sheria ya kumpisha anayetoka kulia. Kichochoro chembamba kinachoingia kutoka kulia, kama hakuna kibao wala mstari, kina haki ya kupita kabla yako. Punguza mwendo kila unapoona nyumba.

Kwa wenye pasipoti za Afrika Mashariki, viza ya Schengen huombwa si zaidi ya miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15, na bima ya afya lazima ifike angalau yuro 30,000. Mkataba wa gîte kwa kawaida huandikwa jina la mtu mmoja tu. Mwombe mwenye nyumba aandike majina ya wasafiri wote, anwani kamili na tarehe, na akupe risiti ya malipo ya awali. Bila hivyo wenzako hawana uthibitisho wa malazi.

Sasa nyumba. Kuta ni za mawe ya chokaa, nene kiasi kwamba hata kiyoyozi haukihitaji ukijua kuzitumia. Asubuhi funga madirisha pamoja na yale ya mbao ya nje, jua likizama fungua yote. Wageni wengi hufanya kinyume, wakaacha wazi mchana "hewa ipite", na usiku wanalala ndani ya tanuri. Kumbuka tu kwamba mwezi Juni jua huzama karibu saa 4 usiku.

Umeme unastahili maelezo. Nyumba nyingi za shamba zimeunganishwa kwa kVA 6, yaani umeme wa takriban kilowati 6 kwa wakati mmoja. Oveni inakula kama kilowati 2.5, mashine ya kufulia ikiwa inachemsha maji kilowati 2, birika 2, hita ya maji 2. Washa vyote pamoja na nyumba nzima inazima. Siyo hitilafu. Zima kimojawapo, nenda kwenye ile mita ya kijani-njano, bonyeza kitufe cha + kwa sekunde chache, umeme unarudi. Maji ya moto nayo hutoka kwenye tangi, mara nyingi la lita 200, linalochemshwa usiku umeme unapokuwa rahisi. Watu 6 wakioga mfululizo bila kuhesabu dakika, wa mwisho anaoga baridi na tangi halichemki tena hadi usiku. Kwenye kabati la swichi kuna swichi ndogo yenye alama 0, auto na 1. Iweke 1, subiri saa 2 au 3, kisha uirudishe auto.

Choo kinaingia kwenye karo, hakuna bomba la mji. Karatasi ya chooni peke yake ndiyo inayoingia. Taulo za unyevunyevu za watoto, hata zikiandikwa kwamba zinaweza kutupwa chooni, huziba, na gharama ya kuzibua hukatwa kwenye amana yako. Mafuta ya kupikia pia yasimwagwe kwenye sinki.

Jambo nililolipenda kuliko yote ni mtumbwi. Kutoka Cénac hadi Beynac ni kilomita zipatazo 9, kama saa 2 za kupiga kafi, au nusu siku mkitua kuogelea. Bei ni takriban yuro 20 kwa mtu, pamoja na jaketi la kuokolea, pipa dogo lisilopitisha maji, na basi la kukurudisha. Unapita chini ya La Roque-Gageac, kijiji kilichobanwa kati ya maji na jabali. Jabali linatazama kusini na kurudisha joto, ndiyo maana utakuta migomba na mitende ya mapambo imestawi pale, mahali ambapo baridi kali ya Ufaransa ingetarajiwa kuiua. Jabali hilohilo liliporomoka mwaka 1957 na kuua watu. Baadaye zinatokea ngome mbili zinazotazamana: Castelnaud kushoto kwako, ambayo kwa muda mrefu wa Vita vya Miaka Mia ilikuwa mikononi mwa Waingereza, na Beynac kulia, upande wa mfalme wa Ufaransa. Ukiwa kwenye maji, katikati yao, unaelewa vita ile ilivyokuwa ya jirani na jirani. Hakuna kibao cha makumbusho kinachoeleza hivyo.

Ondokeni saa 3 asubuhi. Kuanzia mchana mitumbwi inagongana, na upepo wa alasiri ukivuma kutoka magharibi utakuwa unapiga kafi huku unakupiga usoni. Mzito akae nyuma. Kwenye nguzo za madaraja elekeza mtumbwi unyooke kabla hujafika, kwa sababu maji yanavuta upande na mtumbwi ukigonga ubavu unapinduka. Vaa viatu vya kufungwa, si ndala: changarawe ni kali na ndala huondoka na mkondo. Funguo za gari ziingie kwenye pipa, na kifuniko ukikaze mwenyewe. Asiyejua kuogelea hachukuliwi, na hiyo ni haki. Juu ya mto kuna mabwawa ya umeme, kwa hiyo kina hubadilika. Kama wenye mitumbwi wamesimamisha safari, msilazimishe.

Soko la Sarlat ni Jumatano na Jumamosi. Watu wote husifu Jumamosi kwa sababu ni kubwa zaidi. Mimi nasema Jumatano. Jumamosi ndiyo siku ambayo kila gîte bondeni inabadilisha wageni, na barabara za kuingia mjini zinasimama. Fika kabla ya saa 3 asubuhi, maegesho yakiwa bado yapo. Jumapili kuna soko Saint-Cyprien, na ni vizuri kulitegemea kwa kuwa Jumapili mchana na Jumatatu maduka mengi ya vijijini yamefungwa. Migahawa hupokea kati ya saa 6 na saa 8 mchana, kisha saa 1 hadi saa 3 usiku. Ukifika saa 8 na robo na watoto wenye njaa, utakuta jiko limefungwa, wala si ukorofi.

Waislamu wawe makini. Vyakula vya huku hupikwa kwa mafuta ya bata na bata bukini: viazi vya sarladaise vimekaangwa humo, supu ya vitunguu saumu mara nyingi huanzia humo, na vipande vya nguruwe huwekwa hata kwenye saladi bila kutajwa sana. Kuuliza "bila nyama?" hakutoshi, kwa kuwa mafuta hawayahesabu kama nyama. Uliza: "C'est cuit à la graisse de canard ?", yaani, "Kimepikwa kwa mafuta ya bata?" Nyama ya halali nunua Bordeaux mnapopita, iliyogandishwa, mbebe kwenye kisanduku cha barafu. Vinavyoliwa bila wasiwasi ni samaki wa trauti, stroberi, na jozi, ambazo ndizo fahari ya eneo hili. Mafuta ya jozi yatie kwenye saladi tu. Ukiyakaangia yanakuwa machungu.

Mapango yenye michoro ya watu wa kale yako bonde la jirani, la mto Vézère. Lascaux yenyewe, iliyogunduliwa mwaka 1940, ilifungwa 1963 kwa sababu pumzi za watalii zilikuwa zinaharibu michoro. Unachoingia sasa kule Montignac ni nakala kamili iliyofunguliwa 2016. Ni nzuri sana, ila mwenye nafasi moja tu aende Font-de-Gaume kule Les Eyzies, ambako rangi ni zilezile za asili. Idadi ya watu kwa siku ni ndogo mno, kwa hiyo tiketi itafutwe mapema kuliko kitu kingine chochote katika safari hii. Beba sweta hata Julai. Pangoni ni kama nyuzi 13.

Tenga pia asubuhi moja kwa ngome ya Milandes. Josephine Baker, mwimbaji na mcheza dansi mashuhuri mzaliwa wa Marekani, aliinunua mwaka 1947 na kulea humo watoto 12 aliowachukua kutoka mataifa mbalimbali.

Bei: Agosti inaweza kufika mara mbili ya Mei. Juni mwanzoni na Septemba ndiyo miezi yangu. Mto bado unaogeleka Septemba. Kabla ya kulinganisha nyumba mbili, jumlisha ada ya usafi, kodi ya watalii kwa kila mtu mzima kwa kila usiku, na shuka, ambazo mara nyingi hazimo. Siku ya kuingia piga picha kila chumba, kila mkwaruzo, na namba ya mita ya umeme, maana nyumba nyingine hutoza umeme unaozidi kiwango fulani. Asubuhi ya kuondoka mwenye nyumba hukagua na orodha mkononi, hadi vijiko. Sisi tulionyesha picha ya sahani iliyokuwa imeshapasuka tangu Jumamosi ya kwanza, na amana ikarudi yote.