Uzoefu wangu: upandikizaji wa uloto kwa binti yangu mwenye selimundu

Binti yangu alikuwa na umri wa miaka 8 tulipompeleka India mwaka 2022, kwani Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma, iliyoanza kuwapandikiza uloto (tishu laini ndani ya mifupa inayotengeneza damu) watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu zenye umbo la mundu, mwaka 2023, ilikuwa bado haijaanza. Hospitali iliyomtibu sitaitaja. Ninaishukuru kwa mengi, lakini kuna jambo moja zito ninaloilalamikia.

Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu na mgonjwa kwa aina ya tishu, na kwetu kaka yake alilingana. Uloto wake, ambamo ndimo zilimo seli shina za damu, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine zote za damu, ulivutwa kwenye mfupa wa nyonga akiwa chini ya dawa ya usingizi, kisha binti akaupokea kwa dripu kama anayeongezewa damu. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko zote. Kabla yake zilitangulia dawa kali za kuua uloto wa zamani. Baada yake nywele zilipukutika, vidonda vya mdomo vikamfanya ashindwe kumeza hata mate, na kwa wiki tano alikaa katika chumba cha kutengwa, ambako homa kidogo tu ilitosha kuwaita madaktari usiku wa manane. Baadaye alitokwa na upele kwa sababu seli za kaka yake zilikuwa zinaushambulia mwili wake, hali ambayo ikizidi huharibu ini na utumbo na huweza kuua. Saiklosporini, dawa ya kupunguza nguvu ya kinga, ilizituliza.

Kuna kliniki iliyowahi kutuahidi sindano ya seli shina ya kuponya selimundu bila kulazwa. Nilimuuliza daktari wetu, akanieleza kwamba uloto wa zamani usipoondolewa au kudhoofishwa, utaendelea kutengeneza seli mundu.

Tangu arudi, hajalazwa kwa maumivu hata mara moja. Vipimo vya damu yake sasa vinasoma AS kama vya kaka yake, yaani damu ya mtu mwenye jeni moja ya kawaida na moja ya selimundu, asiyeugua, na chanjo zote za utotoni amezianza upya, kwa kuwa kinga yake ya awali ilifutika.

Lalamiko langu ni hili: busulfani, mojawapo ya dawa alizopewa, inaweza kuharibu ovari, na hilo lilikuwa limeandikwa katikati ya fomu ndefu ya Kiingereza niliyoisaini asubuhi ya kulazwa, bila mtu kutueleza kwamba tishu ya ovari inaweza kuhifadhiwa kabla ya dawa kuanza. Nililijua miezi minne baadaye. Pia mayai yake hayakubadilika pamoja na damu, hivyo akijaliwa kuzaa atamrithisha kila mtoto jeni ya selimundu, na mwenzi wake atalazimika kupimwa. Mzazi anayejiandaa kwa tiba hii aombe mkalimani, na aulize kuhusu uzazi kabla hajashika kalamu.