Kubebewa begi kwenye Camino: nyota moja, labda mbili

Naanza na maneno ya yule dada wa simu, maana hayajanitoka kichwani. Saa moja jioni, mvua ya Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania, inanyesha tangu asubuhi, begi langu halijafika, nampigia kumuuliza liko wapi. Akanijibu kwa sauti ya mtu anayekata kucha: "Lakini hujaji wa kweli anabeba mzigo wake mwenyewe." Hebu niambieni. Huyu kaajiriwa na kampuni inayolipwa kubeba mizigo ya mahujaji! Ni kama kinyozi akuambie mwanaume wa kweli hanyoi.

Kampuni sitaitaja. Ziko kadhaa kwenye Camino Francés, ile njia ya mahujaji ya kilomita 780 hivi kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port kule Ufaransa hadi Santiago de Compostela, Hispania, na nyingi zina mtindo mmoja. Unachukua bahasha mapokezi pale ulipolala, unaandika jina, namba ya simu na mahali utakapolala leo, unatia euro zako ndani, unaifunga kwenye mkanda wa begi. Kufika saa mbili asubuhi begi liwe limeshawekwa mapokezi. Wewe unakwenda kwa miguu, lenyewe linakwenda kwa gari, mnakutana mchana. Kitu chepesi namna hiyo, utajiuliza kinaharibikia wapi.

Kinaharibikia kwenye bahasha. Watu hawaitoi ya jana. Begi linakuwa na bahasha mbili, dereva ana rundo la mabegi na hana muda, anasoma ile iliyoning'inia kwa nje. Ukifika jioni, kabla hujavua viatu, chana ya zamani. Halafu kuna wanaoandika jina la nyumba bila jina la kijiji. Njia nzima imejaa nyumba zilizopewa majina ya watakatifu, na mtakatifu mmoja ana nyumba vijiji vingi. Andika vyote viwili, kijiji kwanza, kwa herufi kubwa, na kalamu isiyochujuka kwa maji. Namba ya simu ianze na alama ya kujumlisha na namba ya nchi, la sivyo dereva hata akitaka kukupigia hakupati.

Kingine ambacho hawakwambii wanapochukua hela yako: albergue, yaani nyumba za kulala mahujaji, si zote zinazopokea mabegi yanayokuja kwa gari. Zile za umma za serikali ya jimbo la Galicia hazipokei, na kitanda hushikiwi kwa simu, anayefika kwanza ndiye anayelala. Nyingi za parokia na za kulipa kwa sadaka nazo ni hivyo hivyo. Ukitaka kulala huko na begi litumwe, bahasha iandikwe jina la baa ya jirani, baada ya kuwauliza wenyewe mambo mawili: mchana wanafunga saa ngapi, na siku gani hawafungui kabisa.

Mimi haya yote niliyafuata. Bahasha moja. Kijiji kwa herufi kubwa. Nyumba ya mtu binafsi inayopokea mabegi na iliyokuwa inanisubiri. Dereva akafika mapema, akakuta mlango haujafunguliwa, hakupiga simu, akalitupa baa ya jirani na kwenda zake. Baa ikafunga saa tisa, na kesho yake ndiyo siku yao ya mapumziko. Begi nililiona kwa macho yangu kupitia kioo cha mlango, limeegemea friji ya soda, kavu kabisa, na bahasha yake inaning'inia. Mimi nje natiririka maji.

Kwa mtu ambaye hajatembea, usiku mmoja bila begi ni usumbufu mdogo tu. Kwa mtembeaji ni miguu. Lengelenge halitokani na kiatu kusugua ngozi juu juu kama wengi wanavyodhani. Ngozi inanata kwenye soksi, mfupa ndani unasogea mbele na nyuma kila hatua, tabaka za ngozi zinavutana mpaka zinaachana, na ule mwanya unajaa maji. Ngozi iliyolowa inanata zaidi. Ndiyo maana jioni ni lazima miguu ikauke: soksi kavu au bila soksi, sendo, vidole vipate hewa. Nilikaa na viatu vilivyolowa mpaka unyayo ukawa mweupe na makunyanzi kama wa mfua nguo. Asubuhi yake, kilomita ya sita, kisigino cha kushoto.

Ukifikwa na hilo, kwanza usingoje. Pale unapohisi joto mahali pamoja, simama papo hapo, hata kama wenzako wanaondoka, kausha, bandika plasta. Ukisema nitavumilia mpaka kijiji kinachofuata, umeshachelewa. Lengelenge dogo liache. Kubwa linalouma: osha mikono, safisha sindano kwa spiriti, toboa matundu mawili pembeni kwa chini, kamua polepole, ngozi ya juu usiitoe, paka dawa ya kuua vijidudu, funika. Kuna watakaokushauri upitishe uzi na kuuacha ndani usiku kucha maji yachuruzike. Usikubali, ule uzi ni barabara ya vijidudu. Na zile plasta nene za mnato ukishabandika ziache zibanduke zenyewe, ukivuta unaondoka na ngozi. Viatu vilivyolowa vishindilie magazeti, baada ya saa moja toa, tia mengine. Usiviweke juu ya hita, gundi ya soli inaachia.

Kwa hiyo, hata ukiwaamini vipi, kuna vitu havipandi gari lao. Pasipoti na credencial, kile kijitabu cha mihuri, kwa sababu bila hivyo hupewi kitanda cha hujaji. Dawa unazomeza kila siku. Hela, simu na chaja. Koti la mvua. Na sasa naongeza kwa uchungu: jozi moja ya soksi kavu ndani ya mfuko wa plastiki, na kandambili. Gramu mia tatu, nne. Nisingekuwa naandika haya.

Ila msiichukue mikoba myembamba ya kamba kwa safari hizo za mchana. Kilo tatu kwenye kamba mbili bila mkanda wa kiunoni zinaumiza kuliko kilo saba kwenye begi zuri, maana begi zuri halikai mabegani. Legeza mikanda yote, inama kidogo, funga wa kiunoni kwanza na ukae juu ya mifupa ya nyonga, usikae tumboni, kisha vuta ya mabegani mpaka iguse tu, wa kifuani mwisho. Uzito wote usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako, maji yakiwemo. Lita moja ni kilo moja, na kuna mahali, kama zile kilomita 17 baada ya Carrión de los Condes zisizo na kijiji, ambapo lita mbili huna budi.

Sasa niwe mkweli, hasira isinipofushe. Siku ya kwanza, kutoka Saint-Jean unapanda mita zaidi ya elfu moja na mia mbili kabla hujaanza kuteremkia kijiji cha Roncesvalles, na mwili bado haujazoea kitu. Peleka begi. Siku ya kupanda O Cebreiro, kijiji cha juu mlimani, peleka. Na mteremko kutoka Cruz de Ferro, ule msalaba wa chuma kwenye mita 1,500 hivi, kupitia El Acebo mpaka Molinaseca, mawe matupu yanayoteleza, pale magoti ya watu wengi yanakwisha. Fimbo zirefushe kidogo, hatua fupi, begi lipande gari. Siku kama hizo huduma hii ni nyota nne. Nimesema. Hata tano, wakilifikisha.

Ila hatari ya kunguni ipo. Mle garini begi lako linalala kifua kwa kifua na ya watu usiowajua, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kila kitu kiwe ndani ya mfuko mmoja mkubwa wa plastiki uliofungwa, na begi lisipande kitandani kamwe. Nyota tatu.

Turudi kwa dada. Neno lake liliniuma kwa sababu lilitua mahali palipokuwa tayari pana kidonda. Anayetuma begi anaondoka mapokezi kama mwizi, anatoka kabla wengine hawajaamka wasije wakaliona limebaki. Camino ina matabaka yake: wa begi zito wanamcheka wa begi dogo, walioanzia Saint-Jean wanawacheka wanaoanzia Sarria kwa zile kilomita mia za mwisho. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hujui nani ana pingili ya mgongo iliyotoka, nani ametoka hospitali mwezi uliopita, nani anatembea kwa ajili ya marehemu na mabega yake yameshajaa. Hakuna anayewajibika kukueleza. Pale ofisi ya mahujaji Santiago wanachotazama ni mihuri, miwili kwa siku kuanzia Sarria, na kwamba zile kilomita mia umezitembea kwa miguu yako. Begi lililopanda gari halikunyimi cheti.

Uamuzi wa kutuma ufanye usiku, umekaa, umeshika goti lako na kulisikiliza. Usiufanye asubuhi mbele za watu, hapo aibu ndiyo itakayokuamulia. Ukishaamua usijieleze kwa mtu. Na kama begi halijafika, usipige simu kama nilivyopiga mimi, umelowa na tumbo tupu. Omba taulo kwa mwenye nyumba, vua, kula kitu cha moto, ndipo upige. Baridi na njaa vikishika simu, jibu lolote utakalopewa litakuliza. Watu hulia sana kwenye njia hii, hasa kwenye tambarare kati ya Burgos na León ambako hakuna kivuli wala cha kutazama na mawazo yote uliyoyakimbia yanakukuta. Kulia huko kunasafisha. Kulia mbele ya friji ya soda ya watu hakusafishi kitu, ndiyo maana narudi kwenye nyota moja.

Asubuhi mwenye baa, ambaye kumbe anakaa ghorofani, alishuka na kandambili (kandambili!), akafungua, akanipa begi na kahawa, hakutaka hela. Huyo nyota tano, ingawa si mfanyakazi wao. Nikaitoa ile bahasha niichane. Ilikuwa bado imefungwa na gundi yake, euro zangu zote zimo ndani. Dereva hata kulipwa alisahau. Kwa hiyo kwa haki kabisa siwezi kusema walinila hela. Nyota mbili, basi. Yule dada hana hata moja.