Kibanda cha kuingiza nyimbo Mwanga: mzigo upo, mpangilio hamna

Kama uko Kigoma mjini na umechoka kila flashi ni bolingo na singeli, kuna kibanda pale Mwanga, sio mbali na soko, dogo wa pale ana roki ya kufa mtu. Nilimtajia Minutemen nikijua atashangaa, akafungua folda, wamo. Buku mbili tu akanijazia.

Kwa wasiowajua, ilikuwa bendi ya majamaa watatu wa San Pedro, bandarini kule California, D. Boon gitaa na sauti, Mike Watt besi, George Hurley drams, walianza 1980. Kwao kila kitu kilikuwa kubana matumizi: vyombo walibeba wenyewe, van waliendesha wenyewe, studio walirekodi fasta isije ikala hela. Nyimbo nyingi hazifiki hata dakika mbili, unaanza kutikisa kichwa imeisha. Na Boon makusudi alilifanya gitaa lake litoe sauti nyembamba ili besi na drams zipate nafasi, yaani humo ndani hakuna bosi, mi hapo ndo waliponimaliza.

Sasa tatizo. Albamu yao kubwa ni Double Nickels on the Dime ya 1984. Walikuwa washarekodi albamu ya kawaida tu, wakasikia wenzao Hüsker Dü, nao watatu na lebo moja ya SST, wanatoa ya santuri mbili, wakasema na sisi tusipitwe, wakatunga zingine wakafika nyimbo zaidi ya 40. Pande nne: kila mmoja akachagua nyimbo za upande wake, wa nne wakatupia zilizobaki. Kompyuta ya dogo imezipanga kwa alfabeti! Nikalalamika, akanijibu "bro si zote zipo?" Zipo ndio, ila huwezi jua upande wa Watt umeanzia wapi. Halafu faili zimebanwa sana, matoazi ya Hurley yanachachatika kama mgebuka kwenye mafuta.

Boon alifariki kwa ajali ya van Arizona, Desemba 22, 1985, ana miaka 27, na bendi ikaishia hapo. Watt na Hurley wakaja na fIREHOSE, watatu tena, ila hizo dogo hana, kasema atatafuta.

Nyota tatu kati ya tano. Ukienda mwambie aweke namba mbele ya majina kabla hajahamisha, na beba flashi yako, zile anazouza zinakufa mapema.