MobX katika kusimamia athari za pembeni
Nimeitumia MobX, maktaba ya JavaScript ya kutunza hali ya programu za wavuti, katika ukurasa wa kuagiza bidhaa, na naiona bora zaidi pale inapoendesha athari za pembeni, yaani kazi kama kutuma data kwenye seva kila hali inapobadilika. Fanksheni ya autorun huanza kazi papo hapo na kufuatilia kila thamani iliyosajiliwa na MobX inayosomwa moja kwa moja ndani yake; ndiyo maana kikapu changu kilitumwa kwenye seva ukurasa ulipofunguka tu, kabla mteja hajagusa chochote. Kosa, nakiri, lilikuwa langu. Nilipohamia reaction, fanksheni nyingine ya MobX inayotenganisha kinachofuatiliwa na kinachotendwa, na kuiwekea ucheleweshaji wa milisekunde 500, tatizo likaisha. Kwa fomu ndogo, hata hivyo, MobX ni mzigo usio wa lazima. Kinachoniudhi ni kwamba thamani inayosomwa baada ya await, neno la JavaScript la kusubiri kazi inayochukua muda, haifuatiliwi, na kwa mpangilio wa kawaida hupati onyo lolote. Autorun na reaction zote mbili hurudisha fanksheni ya kuzisimamisha, ambayo usipoiita sehemu ya ukurasa inapoondolewa, kazi inaweza kuendelea kimyakimya huku kumbukumbu ya kivinjari ikizidi kuliwa.