Chopa ya mtumba ya injini mbili: rangi iangalie mwisho

Karibuni tena wadau. Leo tuko ndani ya hanga, na hii nyuma yangu ni AS355 F2, kazi ya Mfaransa. Ni ndugu yake ile AS350 ya injini moja mnayoiona kila siku pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ila hii ina injini mbili za Allison. Rubani mmoja, abiria 5.

Wengi mnaniandikia, "Kaka, nataka ya injini mbili, moja ikizima naendelea na safari." Haya, tupige hesabu. Uzito wa juu kabisa ni kilo 2,540. Tuseme ikiwa tupu, na viti na kiyoyozi chake, mizani inasoma 1,500. Watu 6 wa kilo 80 ni 480. Inabaki 560 ya mafuta na mabegi. Mombasa, usawa wa bahari, utapumua. Ipandishe Wilson, zaidi ya futi 5,500, saa nane mchana wa Februari: hewa nyepesi, na injini moja peke yake haitaushikilia mzigo huo hewani. Utashuka tu. Kwa hiyo mwombe muuzaji kitabu cha rubani, ufungue grafu ya injini moja, usome kwa joto na kimo cha mahali utakapofanyia kazi. Usishangae abiria 5 wakigeuka 3.

Na injini ni mbili, sawa, lakini giaboksi kuu ni moja. Pangaboi la mkiani, moja. Hizo hazina wa kuzipokea.

Sogeza kamera hapa. Fundi ametoa wavu, hiki ni kinywa cha injini ya kushoto. Ona kingo za mapanga ya kompresa, yale yanayovuta na kukandamiza hewa: zimelika, zinang'aa kama kisu cha bucha. Hilo ni vumbi la viwanja vya porini. Sasa ya kulia... makali yapo. Nikarudi kwenye vitabu vya kumbukumbu za injini: ya kulia ilifungwa juzi juzi, ya kushoto ina saa 3,180. Turbini yake hufanyiwa matengenezo makubwa kwenye saa 3,500. Ukiruka saa 40 kwa mwezi, miezi minane tu unatoa hela nzito.

Mwaka jana nilikagua nyingine: rangi mpya, viti vya ngozi, inanukia kama gari la bwana harusi. Naulizia kadi ya giaboksi ya mkiani, ile inayoonyesha saa ilizofanya kazi, naambiwa itakuja kwa imeili. Mpaka leo nasubiri. Kipuri kisicho na kadi, kihesabu kimekwisha.

Hii ningeichukua kwa kazi za pwani, Diani hadi Lamu, juu ya maji ambako injini ya pili ina maana, ila muuzaji akate gharama ya ile ya kushoto. Wa kupeleka wageni 5 Nanyuki mchana, tafuta AS355 N yenye injini za Arrius, au EC135 kama mfuko unaruhusu.

Fundi, rudisha wavu, vumbi linaingia.