m-mama 115: usafiri wa dharura kwa wajawazito, mrejesho kutoka Sengerema (nyota 4 kati ya 5)

Wakuu natoa mrejesho wa m-mama, ile namba 115 ya kuita usafiri mjamzito akipata dharura, maana hapa Mwanza mjini naona wengi wameisikia redioni ikaishia hapohapo. Mimi nimeiona ikifanya kazi. Wifi yangu anakaa Buchosa, wilaya hiihii ya Sengerema, ndani ndani huko, nilikuwa nimeenda kuwasalimia, usiku mimba ikiwa miezi nane damu ikaanza kumtoka. Zamani hapo unaenda kumgongea mwenye mchomoko (gari dogo la abiria) saa nane za usiku, anakutajia laki na kitu, na anaitaka mkononi kabla hajawasha gari, hamna, basi mnaanza kupigia ndugu mmoja mmoja huku mgonjwa anazidi kulegea.

Safari hii mhudumu wa afya wa kijiji ndo alipiga 115, ni bure, hata salio usiwe nalo. Aliyepokea akaanza maswali, mimba ina muda gani, damu nyingi au kidogo, anaongea, mko karibu na shule gani au kanisa gani. Kaka yangu akataka kufoka kwamba maswali ya nini mtu anakufa, yule dada wa kwenye simu wala hakupandisha sauti, akamwambia kaka mlaze kwa ubavu, mfunikeni, gari linatafutwa. Haikuchukua muda dereva akapiga mwenyewe, kumbe ni kijana wa palepale senta, mchana anabeba abiria na mananasi ya mnadani, tunamjua na mama yake. Akatandika kitenge siti ya nyuma tukaondoka. Hakuna aliyetaja nauli. Tulipofika nesi akathibitisha kwamba mgonjwa amepokelewa, na tukiwa bado pale mlangoni simu ya dereva ikaingia meseji, hela yake ya M-Pesa hiyo. Wifi na mtoto wapo, mtoto sa hivi anatambaa.

Kilichonifanya niandike ni namna walivyoijenga. Hii kitu ilianzia hukuhuku kwetu 2013, Sengerema na Shinyanga, Vodafone Foundation wakishirikiana na Touch Foundation, Pathfinder na USAID (shirika la misaada la Marekani) pamoja na serikali, wakaijaribu miaka mingi kwenye wilaya chache ndo Aprili 2022 Rais Samia akaizindua kwa nchi nzima. Angalia walichokifanya, hawakuja na hospitali yao wala msururu wa Land Cruiser nyeupe zenye nembo ambazo mradi ukiisha zinaota majani uani. Ambulensi ya serikali ikiwa karibu ndo inaitwa kwanza, isipokuwepo anaitwa dereva wa ngazi ya jamii aliyesajiliwa na kupewa mafunzo, yaani gari lipo kijijini tayari, walichoongeza ni simu, mfumo wa kumtafuta aliye karibu, na uhakika wa malipo. Na sio wajawazito tu, mama aliyejifungua anahudumiwa mpaka siku 42 na mtoto mchanga mpaka siku 28, hili nalo wengi hawalijui, mtu anakaa na kichanga kinachohema vibaya nyumbani anasubiri kukuche.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona upande wa pili. Kuna taasisi moja ilijenga jengo zuri la wazazi kijiji fulani, vigae, masinki, kila kitu, lakini mambo ya watumishi hawakukaa vizuri na halmashauri, jengo likafunguliwa kwa ngoma likabaki na kufuli na popo. Pesa ya msaada ikikosa mtu wa serikali aliyekubali kuibeba kuanzia siku ya kwanza, inapotea. Bugando, hospitali ya rufaa hapa Mwanza, ndo mfano wa kinyume chake, kanisa Katoliki lilijenga, ikafunguliwa 1971, mwaka uliofuata serikali ikaichukua, 1985 ikarudishwa kwa kanisa kwa makubaliano, na mpaka leo kanisa ndo mwenye mali na serikali inalipa mishahara ya watumishi. Kanda ya Ziwa nzima tunatibiwa pale kwa sababu pande mbili zilikaa mezani zikakubaliana nani anabeba nini.

Sasa nyota moja nimeibania, na sio kwa 115 yenyewe. Kituo cha kwanza tulichopitia, sitakitaja, nesi wa zamu alikuwa mmoja na damu ya kuongeza hakuna, ikabidi tusogezwe mbele. Gari likiwahi na kule kwenye matibabu hakujaandaliwa, umewahi bure. Barabara angalau imekaa sawa, tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe Juni 2025 rufaa ya kwenda Bugando haingoji tena kivuko, wanaokumbuka kulala na mgonjwa pale Busisi wanajua ninachosema. Visiwani ndo bado pagumu, Ukerewe, Ukara, Kome, upepo ukichafuka ziwani usiku hakuna app itakayokuvusha, panahitaji boti nzuri na nahodha anayelipwa kwa uhakika kama yule dereva wetu.

Na hapo kwenye malipo ndo wasiwasi wangu ulipo. Takwimu za taifa zinasema vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai laki moja kwenye utafiti wa 2015/16 hadi 104 kwenye ule wa 2022, m-mama ilikuwa ndo kwanza inasambaa kwa hiyo sifa sio zake peke yake, ila namba hiyo inaweza kupanda tena tukizembea. USAID imefungwa 2025. Dereva wa senta haishi kwa hati za makubaliano, asipolipwa safari mbili tatu atazima simu usiku, na hutamlaumu, mafuta kanunua kwa hela yake. Halmashauri zinapitisha bajeti mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo mlio na madiwani wasikivu wabaneni waseme hela ya madereva wa m-mama imewekwa kiasi gani na inatoka kwenye mapato yapi.