Uzoefu wangu na Liemba, meli ya vita iliyogeuka ya abiria

Nimesafiri na Liemba ziwa Tanganyika, Kigoma mpaka Kasanga, kipindi kile kabla haijasimama kwa ukarabati, na sijawahi kupanda chombo kilichonigusa kama kile. Watu walikuwa wanaipanda kawaida tu, magunia ya dagaa, kuku, watoto mgongoni, ila jamani hiyo meli iliwahi kuwa ya vita! Mjerumani aliiunda Papenburg mwaka 1913, akaiita Graf von Goetzen, alafu ikafunguliwa vipande vipande, makreti kama 5,000, yakaja kwa meli mpaka Dar na treni mpaka Kigoma, mafundi wakaiunga upya, Februari 1915 ikaingia majini.

Vita ya Kwanza ya Dunia ikiendelea, Mwingereza akaleta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zikaburuzwa kwenye mapori ya Katanga kwa ng'ombe na mashine za mvuke, na kweli Desemba 1915 zikaiteka Kingani, meli ya Mjerumani, Februari 1916 zikaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Ila Goetzen hawakuisogelea, ilikuwa na mzinga uliotoka kwenye manowari Königsberg iliyoishia Rufiji. Julai 1916 Wajerumani wakizidiwa wakaizamisha wenyewe, lakini mafundi walipaka injini grisi nene kwanza, ndo maana Mwingereza alipoiopoa 1924 zilikuwa bado zinafaa na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Makamanda wanasifiwa sana, mimi heshima yangu yote nawapa hao mafundi.

Sasa safari yenyewe. Vijiji vingi havikuwa na gati, kwa hiyo meli ilikuwa inasimama huko huko majini, honi inalia, na hata iwe saa nane usiku maboti yanakuja yamejaa, yanagombania kukaa karibu na mlango wa ubavuni, mtu anamshika mama mkono anamvuta ndani, mtoto anapokelewa na mtu hata hamjui, mizigo inarushwa, huku mbele winchi inashusha magunia kwenye wavu na kila mtu anapiga kelele yake. Nilikesha kwenye reli naangalia.

Ikirudi kazini, kama mfuko unaruhusu chukua first class, la sivyo beba mkeka na shuka zito maana upepo wa ziwa usiku ni baridi kweli. Na ukishuka Kasanga, zamani ikiitwa Bismarckburg, ulizia mabaki ya boma la Mjerumani, wenyeji watakuonyesha.